Mstari mmoja wa mandhari

Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha tatu. Mwezi uliopita walipewa kazi mradi ya Kiswahili: kila mmoja achague mwandishi kutoka mkoa wowote wa Tanzania, amtafiti, kisha ahakiki kazi yake moja. Jumamosi akaja kwangu Tabata na kazi iliyokwisha, kurasa nne zilizochapwa steshenari na kutiwa kwenye faili la plastiki. "Shikamoo shangazi. Nipitishie macho tu." Mwandishi wake ni Euphrase Kezilahabi, kitabu ni Rosa Mistika.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wasifu. Maneno mengine bado yalikuwa na rangi ya bluu na mstari chini yake, yaani yalinyofolewa mtandaoni yakabandikwa kama yalivyo. Kazaliwa mwaka 1944 Namagondo, Ukerewe. Kafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Botswana. Kafariki Januari 2020. Kurasa tatu zilizobaki zilikuwa ule wimbo ambao kila aliyepita sekondari anaujua: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo, halafu muundo, mtindo, wahusika, mandhari, lugha. Kwenye mandhari aliandika mstari mmoja: mwandishi ametumia mandhari ya Ukerewe, Mwanza na sehemu nyingine za Tanzania. Nukta, akahamia kwenye tamathali za semi.

Nikamuuliza, "Namagondo ni wapi?"

"Si alikozaliwa mwandishi?"

"Na nyumbani kwa kina Rosa?"

Akapekua kitabu, akapekua tena, kisha akaniangalia kama mtu aliyegundua kuwa ametembea nusu siku na shati alilovaa kinyume. Kijiji ni kile kile. Alikuwa amekiandika ukurasa wa kwanza na amekisoma kwenye riwaya, na hakuna aliyemfundisha kuvikutanisha.

Mimi nasema kazi yote ya mradi ule ilikuwa ndani ya mstari huo mmoja wa mandhari. Tunawafundisha watoto wasifu wa mwandishi kama sala ya kufungulia kikao: ikishasomwa, watu wanakaa, mambo mengine yanaanza. Siwalaumu walimu sana. Mwenye mikondo minne na madaftari mpaka kwenye kiti cha daladala atasahihisha kile kinachosahihishika haraka. Orodha inasahihishika haraka. Lakini ukimwambia mtoto atafiti mwandishi wa mahali fulani, halafu mahali penyewe ukapatengea alama moja, umemtuma sokoni bila hela.

Nilimchukua tukaenda kwa fundi wangu wa cherehani, mtaa wa pili. Ni Mkerewe, yuko Dar miaka mingi. Alipolisikia jina la Namagondo aliusimamisha mguu kwenye pedeli. "Huyo wa kwetu kabisa!" Hajawahi kukisoma kitabu, lakini kijana alipomsimulia kuwa Rosa amelelewa na baba mlevi, mkali, aliyempiga kwa sababu ya barua ya mvulana, na kwamba alipopelekwa kusoma Mwanza akabadilika kabisa, fundi alicheka kidogo, kisha akasema jambo ambalo halimo kwenye pampleti yoyote niliyowahi kuiona. Ukerewe ni kisiwa. Kwenda shule Mwanza ni kuvuka ziwa. Ukishapanda meli pale Nansio, jicho la baba linabaki gatini.

Basi. Hapo mtoto akatoa kalamu bila kuambiwa.

Maana ukilishika hilo, riwaya inajipanga upya mbele yako. Ulinzi wa Zakaria, baba yake Rosa, ni ulinzi wa kisiwani: unategemea kila mtu kumjua kila mtu. Hakumfundisha Rosa kujilinda, alimzungushia maji. Maji yalipovukwa, hakubaki na kitu mkononi. Ile dhamira ya "malezi mabaya", ambayo kila mwanafunzi anaiandika kwa sentensi moja, sasa ina mwili. Hata habari kwamba kitabu kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, ambayo kijana aliiweka kama kipambo, inaanza kuuliza swali: wakubwa waliokificha kwa watoto walikuwa wakifanya kitu gani tofauti na Zakaria?

Sasa, mtoto akishaonja, anataka kumaliza sufuria. Njiani kurudi akaniuliza, "Kwa hiyo Zakaria ndiye baba yake Kezilahabi?" Hapana, na hapo lazima mtu mzima aseme hapana kwa sauti. Kijiji ni cha kweli, watu ni wa kubuni. Mahali panatuonyesha mwandishi alikuwa na udongo gani mkononi. Chungu kakifinyanga mwenyewe. Wahakiki wengi wa mitandaoni wanateleza hapo hapo, wanasoma riwaya kama faili la polisi.

Nikampa kazi nyingine badala yake. Kisiwa hicho hicho kina Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, akaandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, mume na mke wanaotafuta mtoto. Aliikamilisha mwaka 1945. Mchapishaji wa Kikerewe hakupatikana, ikabidi aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, mzee akiwa ukingoni mwa maisha; alifariki mwaka 1981. Aliyekuja kukitafsiri kwa Kiingereza ni Gabriel Ruhumbika, naye mwandishi wa riwaya, naye wa Ukerewe. Waandishi watatu kisiwa kimoja! Kitereza anaandika Ukerewe ya mila, mkwe anadai pombe ya ndizi kabla ya kumrudisha binti kwa mumewe. Kezilahabi anaandika Ukerewe ya padre, shule na barua za siri. Wawekwe meza moja hao, mtoto asome jinsi binti anavyotoka nyumbani kwa baba yake kwenye kila kitabu. Huo ndio utafiti, na hauhitaji nauli ya kwenda Mwanza. Maktaba Kuu iko pale Barabara ya Bibi Titi, na Wakerewe wamejaa jiji hili.

Kijana aliandika upya. Kurasa sita, kwa mkono, na mandhari ikala mbili nzima. Alama alizopata zilipungua mbili kuliko za rafiki yake aliyechapa steshenari, kwa sababu alisahau kipengele cha falsafa. Alinuna siku moja.

Rosa Mistika yenyewe haijarudi. Fundi aliiazima siku ile ile, wiki ya tatu sasa. Jana nilipita kuulizia kitenge changu, nikakikuta kimekunjwa vile vile nilivyokileta, na yeye kainamia ukurasa, miwani puani, hata salamu akaitikia bila kuinua kichwa.