Vuli si wakati wa kuanika mishipi
Makala inasema kwenye nchi zenye majira manne, kiangazi kikiisha mvuvi wa mshipi wa pwani akae nyumbani. Sikubaliani kabisa! Bahari hupoa polepole kuliko hewa, kwa hiyo mwanzo wa vuli wewe umevaa sweta lakini samaki bado wanakula kwa pupa. Mikizi wadogo hutoka kwenye milango ya mito, na samaki wakubwa wawindaji huwavizia palepale, hasa maji yakianza kupwa. Ukiona ndege wanajitupa majini mahali pamoja, rusha chambo pembeni mwa kundi la samaki lililo chini yao, usiwatawanye samaki hao.

Ambalo makala ilipaswa kusema ni mawimbi. Dhoruba ya mbali hukuletea wimbi kubwa hata siku shwari. Tafadhalini, msisimame mwambani peke yenu, na jaketi la kujiokolea livaliwe, lisiachwe garini.