Mnasema tukimbie, tukimbilie wapi?

Kuna dogo mmoja wa ukoo wetu, sitamtaja jina wala mkoa, aliuliza kwenye grupu la familia kama kuna anayemjua mtu Nairobi wa kumpokea. Hakuongeza neno. Ilikuwa siku chache baada ya intaneti kurudi, baada ya ile Oktoba 29, 2025, uchaguzi wetu Tanzania ulioishia kwa maandamano na risasi, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezewa. Mjomba mmoja akajibu hata wengine hatujaisoma meseji: mwanaume hakimbii nchi yake. Shangazi akaja juu, kaka wewe umeshakula chumvi yako, muache mtoto wa watu akaishi. Basi grupu likawaka mpaka usiku wa manane, hawa wanasema kukimbia ni uoga, wale wanasema kubaki ni kutafuta kifo, na yule aliyeuliza akanyamaza kabisa.

Nimekaa na hasira hiyo wiki nzima na sio hasira ya mjomba peke yake, ni ya pande zote mbili, kwa sababu wote walikuwa wanabishana kama vile mlango bado upo. Kama vile ukishavuka Namanga au Horohoro umeshaokoka na kilichobaki ni watu kukujadili tu kama wewe ni shujaa au muoga. Jamani, huo mlango unafungwa mbele ya macho yetu, na wanaoufunga ni serikali zetu za Afrika Mashariki, kwa kusaidiana, na sisi raia tunapoteza muda kutukanana nani ana roho ngumu na nani hana.

Zamani haikuwa hivi. Januari 26 na 27 mwaka 2001, polisi walipofyatulia watu risasi Pemba na Unguja kwenye maandamano ya chama cha upinzani cha CUF ya kudai uchaguzi urudiwe, zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, pwani ya Kenya. Mzee mmoja wa Shimoni aliwahi kunisimulia zile alfajiri, mashua zinaingia zimejaa kupita kiasi, watu wamelowa chapachapa, mama kabeba mtoto mwenye kiatu mguu mmoja tu na hataki kumuachia hata kumpa mtu amshikie apande ufukweni. Wanawake wa pale wakatoa kanga, wakakoroga uji. Nikamuuliza mzee, hamkuogopa kuletewa matatizo na serikali? Akanishangaa. "Wale ni watu wetu, wengine nawajua kwa baba zao, tumevua pamoja. Tuliwauliza kama wamekula, basi." Wengi wao walirudi kwao baadaye, baada ya CCM na CUF kusaini muafaka Oktoba ile ile. Sio wote, na waliokaa kambini waliteseka, lakini ile siku ya kwanza mtu alifika upande wa pili akakuta upande wa pili upo.

Hata 2020 bado palikuwa na kitu. Godbless Lema, mbunge wa zamani wa upinzani, alivuka Namanga na mke na watoto baada ya ule uchaguzi, akashikwa Kajiado, sisi huku tumeshika roho mkononi tunasema anarudishwa huyu. Hakurudishwa. Akaishia Kanada. Tundu Lissu, mgombea urais wa upinzani kwenye uchaguzi huo huo, mtu aliyepigwa risasi Dodoma mchana kweupe Septemba 2017 akaponea chupuchupu, alikimbilia kwenye makazi ya balozi wa Ujerumani Dar na akasindikizwa mpaka uwanja wa ndege akaenda Ubelgiji.

Sasa angalia kilichotokea tangu hapo. Februari 2023 Msudan Kusini, Morris Mabior, mkosoaji wa serikali ya Juba, anachukuliwa nyumbani kwake Nairobi anapelekwa Juba. Julai 2024 wanachama 36 wa FDC, chama cha upinzani cha Uganda, wanakamatwa Kisumu, walikuja kwenye mafunzo, wanavushwa mpaka na kushtakiwa ugaidi. Oktoba 2024 Waturuki, watu wenye hadhi ya ukimbizi kabisa, wanatekwa Nairobi na wanne wanakabidhiwa Uturuki, na wizara ya mambo ya nje ya Kenya inakiri hadharani kwamba ndio, tumewapeleka, Uturuki waliomba. Novemba 16, 2024, Kizza Besigye, mpinzani wa Museveni wa Uganda, anatua Nairobi kwa ajili ya uzinduzi wa kitabu cha Martha Karua na anapotea. Siku nne baadaye anaonekana Kampala kwenye mahakama ya kijeshi, yeye na Obeid Lutale. Daktari mzima, mgombea urais mara nne, kavushwa mpaka usiku bila karatasi, bila hakimu, bila mtu wa uhamiaji kugonga muhuri, halafu serikali ya Kenya mwanzoni ikatuambia haikuhusika. Sasa kama mtu mwenye jina la Besigye anabebwa Nairobi katikati ya jiji, dogo wetu asiyejulikana na mtu yeyote nje ya mtaa wao atalindwa na nani?

Na ubebaji huu hauna mwelekeo mmoja. Mei 2025 Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda walikuja Dar kufuatilia kesi ya uhaini ya Lissu, wakakamatwa hotelini, Boniface akaja kutupwa Kwale, pwani ya Kenya, na Agather akatupwa Mutukula, mpakani na Uganda, na yale waliyosema kwamba walifanyiwa wakiwa mikononi mwa watu wetu mimi nilishindwa kuyasoma mpaka mwisho, niliiweka simu chini nikatoka nje. Oktoba mwaka huo huo Wakenya wawili, Bob Njagi na Nicholas Oyoo, wakachukuliwa Uganda walikoenda kwenye kampeni za Bobi Wine, wakakaa wiki tano hakuna anayesema wako wapi, na Museveni mwenyewe akaja kusema waziwazi kwamba ni wao ndio waliowashika, kwamba waliwekwa kwenye friji.

Miaka yote tunaimbiwa jumuiya. Mfanyabiashara wa vitunguu anasimamishwa mpakani nusu siku kwa sababu ya kibali, dereva wa lori analala foleni, mwanafunzi anaombwa hela, lakini gari la vioo vyeusi lenye binadamu aliyefungwa kitambaa machoni linapita bila kuulizwa. Huo ndo muungano uliokamilika kabla ya sarafu moja.

Najua kuna mtu atanikumbusha 1983. Sawa, nakubali, kurudishana hakujaanza jana. Ochuka, mwanajeshi wa Kenya, alikimbilia Tanzania baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 kwao na Nyerere akamrudisha kwa Moi, na Moi akatukabidhi watuhumiwa wa njama ya kumpindua Nyerere waliokuwa wamekimbilia Nairobi, na Ochuka akanyongwa 1987. Ilikuwa mbaya na itabaki kuwa mbaya. Lakini wale walikuwa wanajeshi walioshika bunduki au watu wanaotuhumiwa kupanga kuzishika. Leo anayebebwa ni mwanasheria, mwandishi, binti mwenye simu na kurasa ya mtandaoni.

Na kabla Watanzania wenzangu hamjaanza kuwasema Wakenya, tuongee kuhusu Kigoma. Mwaka 2015, Nkurunziza, rais wa Burundi, alipolazimisha muhula wa tatu na polisi wake wakaanza kuua waandamanaji Bujumbura, Warundi walimiminika Kagunga, kijiji kidogo kabisa cha wavuvi kwenye ziwa, wakati ule hakikuwa na barabara ya gari, maelfu kwa maelfu wamejazana ufukweni, kipindupindu kikaingia, na ile meli yetu ya Liemba, ya zamani za Wajerumani, ikawa inapiga safari kuwatoa pale kuwaleta Kigoma mjini. Ile ilikuwa Tanzania ninayoipenda. Lakini miaka haikupita mingi tukafunga masoko yao ya kambini, tukawabana warudi, na mwaka 2020 Human Rights Watch wakaandika kuhusu Warundi waliochukuliwa kutoka kambini, wakateswa kituo cha polisi Kibondo, wakakabidhiwa kwa watu wale wale waliowakimbia. Nani kati yetu alipiga kelele? Tulikuwa tunasema wakimbizi wanakata miti, wakimbizi wanaleta silaha. Yule Mrundi aliyebebwa kambi ya Nduta alikuwa ndiye sisi wa kesho, na tulimpita.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoshauri watu "nenda tu, vuka" hawalifikirii. Ukivuka na unataka kulindwa kihalali, inabidi ujiandikishe. Unaenda ofisi ya wakimbizi ya serikali ya nchi ile, unatoa jina lako kamili, jina la kijiji chako, jina la baba, unawekewa alama za vidole kwenye mashine, unaandikwa namba ya simu na unakolala, halafu unaambiwa usubiri wito wa mahojiano na unaweza kusubiri mwaka na zaidi. Yaani ili usikamatwe unawapa ramani ya kukukamata. Nilimsindikiza mtu mmoja kwenye foleni ya namna hiyo. Alikuwa na rambo la bluu, ndani yake cheti cha kuzaliwa, cheti cha form four, na picha za majeraha ya mgongoni alizokwenda kuzichapisha stationary, zimekunjwa ndani ya gazeti. Kila afisa akipita analibana lile rambo kifuani. Alipofika dirishani akaulizwa unaishi wapi, akaniangalia mimi. Akaangalia mlango. Alikaa kimya muda mrefu mpaka yule dada wa dirishani akarudia swali, na bado hakujibu, akachukua rambo lake tukaondoka. Mpaka leo hana karatasi, anahama chumba kila baada ya muda, polisi wa mtaani wakimshika anatoa hela. Mjomba anamwita muoga mtu wa aina hiyo.

Na kubaki nako kunasemwa kama vile ni kitu kimoja. Lissu alirudi Januari 2023 kwa miguu yake akijua anarudi wapi, na Aprili 2025 akakamatwa Mbinga na kufunguliwa kesi ya uhaini, adhabu yake kifo. Huyo amebaki. Mzee Ali Kibao wa Chadema alibaki, akashushwa kwenye basi Septemba 2024 mbele ya abiria wote na kesho yake maiti yake ikapatikana Ununio, uso umemwagiwa tindikali. Na mama anayeuza chapati pale stendi asiyesema chochote kwa sababu ana watoto watatu, naye amebaki. Mimi sitamwambia yeyote kati ya hao alipaswa kuamua nini, na naomba na wengine tuache. Hatujui mtu ana nani nyuma yake. Mwenye paspoti na visa ya zamani anaamua kivyake, mwenye kitambulisho cha mpiga kura tu anaamua kivyake, mwenye mama mgonjwa haamui kabisa.

Hoja moja ya mjomba naikubali, shingo upande. Kuna watu wako mbali, salama, waliwaita vijana barabarani na wao hawapo, na vijana wamekufa, na mamia wakafunguliwa kesi za uhaini. Ukimuita mtu mahali ambapo wewe hautakuwepo, umebeba mzigo mzito sana na usiutue kwa maneno mepesi. Lakini hapo hapo, intaneti ilipozimwa na baadae polisi wakatutumia meseji za kututisha tusisambaze picha, ni nani waliopokea zile video, wakazipanga, wakazihifadhi, wakazipeleka kwa waandishi wa dunia? Ni walio nje. Kama wote wangebaki, leo tungekuwa tunaambiwa hakuna kilichotokea, tumeota. Warundi ndo walitufundisha hilo, redio zao zilipochomwa moto Mei 2015 waandishi wakakimbia, na kutoka uhamishoni wakaanza tena kutangaza, na watu waliobaki Bujumbura wakawa wanasikiliza sauti zile zile kwa simu.

Kwa hiyo ninachotaka sio kumwambia mtu akimbie au abaki. Nataka tuupiganie mlango. Mkenya, mkimbizi wa Tanzania akitekwa Kilimani, Nairobi, hiyo ni kesi yako, imetokea kwenye ardhi yako, kwa gari lililopita kwenye barabara ya kodi yako. Mganda hivyo hivyo. Na sisi Watanzania, Mrundi wa kambi ya Nyarugusu ni kesi yetu, tumuulize mbunge, tuulize mkuu wa mkoa, tuandike. Nchi zetu zimesaini mkataba wa wakimbizi wa 1969 wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa zamani, unaosema mkimbizi harudishwi kwenye hatari, na mkataba haujilindi wenyewe.

Na usiniambie kelele hazisaidii. Januari 12, 2025, Maria Sarungi, mwanaharakati wa Tanzania aliyekuwa uhamishoni Kenya, alitekwa Nairobi akitoka saluni, watu wenye gari, wakamkaba, wakataka simu yake. Ile habari ilitoka palepale, Wakenya wakaisambaza kwa kasi ya ajabu, wanasheria wakaingia, kila mtu anauliza Maria yuko wapi, kila sekunde, mpaka wakubwa wakaanza kupigiwa simu. Baada ya kama masaa manne wakamwachia, wakamtupa gizani barabarani, hai. Besigye taarifa yake ilichelewa siku kadhaa, mpaka mke wake alipoandika, na wakati huo alikuwa ameshafika Kampala. Kwa hiyo ukiona mtu anaingizwa garini kwa nguvu usiseme hayanihusu, ni mambo ya Waganda, ni mambo ya Watanzania. Soma namba ya gari, piga picha kama unaweza bila kujiweka hatarini, uliza jina lake kwa sauti, na tuma hapo hapo, usisubiri kufika nyumbani.