Shilingi ya Waziri na dakika kumi za mbunge

Nimekuwa nikisoma Hansard, yaani Taarifa Rasmi ya mijadala ya Bunge, kwa miaka kadhaa, na kila Aprili bajeti zinapoanza kujadiliwa Dodoma kuna jambo linanisononesha. Mbunge anasimama. Anamshukuru Mwenyezi Mungu, anampongeza Rais, kisha Waziri, Naibu Waziri, Katibu Mkuu na watendaji wote wa Wizara. Anawasalimu wananchi wa jimbo lake. Kengele ya kwanza inamkuta ndiyo kwanza anaitaja barabara ya kutoka kata hii kwenda kata ile. Ya pili ikilia, anaunga mkono hoja na kukaa. Dakika kumi zimekwisha (siku nyingine wanapewa tano tu), na sera ya Wizara nzima haijaguswa.

Siwabezi wanaoomba barabara. Anayeishi kijiji kinachokatika mawasiliano kila masika hahitaji kuelezwa na mimi kwamba barabara ni jambo la kitaifa. Ninachosema ni kwamba ombi la barabara moja hujibiwa kwa neno moja: tumelipokea. Mbunge anayeuliza ni kigezo gani kinagawa fedha za barabara baina ya wilaya na wilaya anamlazimisha Waziri kueleza kanuni, na kanuni ikishaelezwa hadharani inaweza kupingwa, ikarekebishwa, ikawafaa hata watu wa majimbo ambayo mbunge huyo hajawahi kuyakanyaga.

Mfano ninaoupenda ni wa maji. Kuna tozo ya shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli inayokwenda Mfuko wa Maji. Mwaka 2017, wakati wa bajeti ya Wizara ya Maji, wabunge wa chama tawala na wa upinzani walibana kwa sauti moja: ipande iwe shilingi 100. Kila mmoja alikuja na kisima chake na bomba lake lililokauka, lakini safari ile visima vyote vilifungwa kwenye hoja moja yenye tarakimu moja. Serikali haikukubali. Hata hivyo, mjadala ule nauhesabu miongoni mwa michango bora ya Bunge lile, kwa sababu kila aliyeusikiliza alielewa tatizo ni nini, fedha itoke wapi, na nani amekataa.

Ni vizuri pia kuelewa kwa nini walilazimika kubana badala ya kuamua. Ibara ya 99 ya Katiba haimruhusu mbunge kupandisha kodi kwa muswada au hoja yake mwenyewe. Pendekezo hilo lazima litoke kwa Rais kupitia Waziri. Mbunge anayetaka fedha zaidi ana silaha ya ushawishi tu. Ibara hiyohiyo, lakini, imeacha mlango mmoja wazi, nao ni wa kupunguza kodi. Nitaurudia mlango huo.

Kwanza nizungumzie shilingi. Katika Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima linapokaa kama kamati na vifungu vya bajeti kupitiwa kimoja kimoja, mbunge anaweza kusema kwamba asiporidhishwa na maelezo ya Waziri kuhusu jambo fulani la kisera, ataondoa shilingi kwenye mshahara wa Waziri huyo. Huko Dodoma wanaita kushika shilingi. Waziri anajibu. Mbunge asiporidhika anatoa hoja, wenzake wanamuunga mkono au kumpinga, Waziri anarudi tena, na mwisho Kamati inaamua. Mara nyingi sana shilingi inarudishwa. Hata hivyo, kwangu hakuna sehemu ya Bunge iliyo na faida kuliko hii. Ni hapa ambapo Waziri hana hotuba ya kusoma. Ni hapa anapotamka "ifikapo mwezi fulani tutakuwa tumekamilisha", na tamko hilo likaingia kwenye Taarifa Rasmi ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua mwaka unaofuata. Muda ukibana, vifungu vilivyosalia hupitishwa kwa mkupuo, kwa hiyo anayetaka kushika shilingi kwa maana lazima aje amejiandaa: ajue fungu, ajue kifungu, ajue swali lake kwa sentensi mbili. Mbunge wa namna hiyo hajengwi na sauti kubwa. Anajengwa na usiku wa kusoma vitabu vya bajeti.

Hoja iliyokataliwa nayo haifi. Agosti 2007, Zitto Kabwe, mbunge kijana wa Kigoma Kaskazini, alipeleka hoja binafsi akitaka Bunge liunde kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliosainiwa London mwezi Februari mwaka huo. Hoja ilishindwa, naye akasimamishwa kuhudhuria Bunge hadi Januari 2008. Ukiishia hapo utasema amepoteza. Lakini Novemba 2007 Rais Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto akawa mmoja wa wajumbe wake. Mwaka 2010 ikaja Sheria mpya ya Madini: mrabaha wa dhahabu, yaani sehemu ya thamani ya madini ambayo mgodi huilipa Serikali, ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4, tena ukaanza kukokotolewa kwenye thamani ghafi badala ya thamani iliyokwisha kutolewa gharama. Mwaka 2017 ukafika asilimia 6, na Serikali ikajiwekea hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Sisemi mtu mmoja ndiye aliyeyaleta yote hayo. Walikuwepo wanaharakati, waandishi wa habari, viongozi wa dini na wabunge wengine wengi. Nasema hoja ile iliwapa wananchi msamiati. Kabla ya 2007 ni wangapi nje ya sekta ya madini waliojua mrabaha ni nini? Baada yake, hata kijiweni watu walikuwa wanaulizana asilimia.

Sasa nirudi kwenye ule mlango wa kupunguza kodi. Juni 2021 ulipita Muswada wa Fedha ulioleta tozo ya miamala ya simu, shilingi 10 hadi 10,000 kutegemea kiasi kinachotumwa au kutolewa. Makato yalianza tarehe 15 Julai. Anayetuma alikatwa, anayepokea alikatwa tena alipokwenda kutoa, na makato ya kampuni za simu yalikuwepo palepale. Kilio kilikuwa kikubwa kiasi kwamba kufikia Septemba Serikali ilipunguza viwango kwa asilimia 30, na miaka iliyofuata ikazidi kurudi nyuma. Siku zile niliumia sana, na bado naumia nikikumbuka. Hesabu iliyopigwa na wananchi wiki ya kwanza ya makato ilikuwa hesabu ya darasani: chukua mzazi anayemtumia mwanafunzi fedha, jumlisha tozo ya huku na ya kule, uone kinachobaki. Hesabu hiyo ilistahili kusomwa ndani ya ukumbi, mwezi Juni, na mbunge mwenye jedwali la marekebisho mkononi, yaani maandishi ya mabadiliko anayotaka kwenye muswada, akipendekeza kupunguza, jambo ambalo Katiba inamruhusu. Tulichosubiri Serikali ikisikie mitaani kingeweza kusikika bungeni kabla hata shilingi moja haijakatwa. Ibara ya 63 inasema Bunge ndicho chombo kikuu cha kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Ushauri unaotolewa baada ya mtu kukatwa fedha zake umechelewa.

Ninajua wabunge wakisoma haya watasema mpiga kura mwenyewe haulizi kuhusu jedwali la marekebisho. Wana hoja, na mimi ni sehemu ya lawama hiyo. Tukikutana na mbunge swali letu ni "umetuletea nini?". Anayejua kwamba Oktoba ya uchaguzi ataulizwa daraja, atatumia dakika zake kwa daraja. Mambo yalizidi kuwa magumu Januari 2016, Serikali ilipotangaza kwamba TBC, shirika la utangazaji la taifa, haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja. Nakumbuka tulivyokuwa tunakaa na baba yangu kusikiliza. Alikuwa anafahamu ni mbunge gani husoma na ni yupi hupiga kelele, na hukumu yake haikujali chama. Mtu aliyezoea kusikia vipande vya dakika mbili tu vyenye vituko ataipata wapi hukumu ya namna ile?

Kwa hiyo sihesabu mara ngapi mbunge amechangia. Naangalia alitaja kifungu gani, alipendekeza kibadilishwe kiwe nini, na mwaka uliofuata alirudi kuuliza au alisahau. Hili la kurudi ndilo adimu kuliko yote. Kuna maswali ya msingi yaliyojibiwa kwa ahadi yenye mwezi na mwaka, na mwezi huo ukapita bila aliyeuliza kusimama tena, hata kwa swali la nyongeza.

Mbunge wetu atafanya mkutano kabla ya Bunge la bajeti. Daraja letu nitaliuliza, maana tunalihitaji kwelikweli. Lakini nitakwenda pia na kurasa nilizochapisha za mjadala wa maji wa 2017, nimuulize kama yuko tayari kushika shilingi kwa ajili ya ile 50.