Chemka Haichemki

Kosa la kwanza ni langu, nalikiri mapema tusije tukasumbuana huko mbele. Miezi miwili kabla mama hajaja kunitembelea, nilimwambia kwenye simu kwamba huku kwetu, ukitoka Arusha kama unakwenda Moshi, kuna mahali panaitwa Maji Moto Chemka. Nikapasifia kama niliyepewa hisa. Ni kweli napapenda: Jumapili na senti vikikutana mfukoni mwangu, mimi nitafute Chemka. Ila mama yangu ni mtu wa Pangani, na yeye neno hulichukua kama lilivyotoka mdomoni. Umesema moto, ni moto. Umesema chemka, basi linachemka.

Alifika mwezi wa saba. Anayeijua Arusha ya mwezi wa saba hahitaji maelezo. Asiyeijua akumbuke tu kwamba mama alishuka kwenye basi na kanga mbili na ndala. Siku tatu za mwanzo alizimalizia jikoni, kajitanda blanketi langu la pekee, kakumbatia jiko la mkaa, akimuuliza kila anayeingia kama jua la mji huu limekwenda likizo. Siku ya nne akaniita.

"Baba, yale maji yako ya moto bado yapo?"

"Yapo, mama."

"Nipeleke. Leo, si kesho."

Kabla ya kuondoka akataka tupitie soko la Kilombero anunue kitu cha kutafuna. Mimi nikaenda kwa jirani kuazima kaptula ya kuogelea, maana yangu ilikuwa imechanika mahali pasipozungumzika. Jirani ni mtu wa tumbo, nami ni mtu wa mbavu. Akaniambia, "Kaza kamba." Nikakaza. Niliporudi, mama alikuwa amekwisha rudi na trei ya mayai, yote 30, kaifunika kwa trei tupu na kuifunga kwa kamba ya katani, fundo la mtu aliyekulia Tanga. Sikuuliza. Jiko lilikuwa linawaka tangu alfajiri, nikajua ameyachemsha.

Kwenye Coaster tulikaa kiti cha mbele, trei mapajani mwake kama mtoto wa ubatizo. Hapo ndipo lilipoanza somo la majina. Tulipofika Usa River akanyamaza, kwa kuwa hakuijua hiyo "river" ni nini. Lakini konda alipoita "Maji ya Chai! Wa Maji ya Chai!" mama akageuza shingo dirishani.

"Chai yenyewe iko wapi?"

Nikamweleza kwamba jina linatokana na rangi ya maji ya mto. Nikaongeza, kwa ule ujuaji wa mtu anayemtembeza mgeni, kwamba maji mengi ya upande huu wa Meru yana madini ya floridi, ndiyo maana utaona wenyeji wengi meno yao yana rangi ya kahawia.

"Kwa hiyo chai hakuna."

"Hakuna."

Tukapita Kikatiti, tukapita njia panda ya uwanja wa ndege, tukashuka Boma Ng'ombe. Mama akasimama stendi, trei kifuani, akatafuta ng'ombe. Aliona bodaboda, bajaji, wauza ndizi na mabasi. Mzee mmoja mchangamfu, aliyekuwa anasubiri gari, akamwambia ajisikie nyumbani, hapa ni Hai, na mbele kidogo tu ni Moshi.

"Moshi wenyewe upo?"

"Aaa, mama, hakuna moshi. Jina tu."

Mama hakusema kitu. Alinitazama. Nalikumbuka jicho lile mpaka leo, na laiti ningekuwa na akili ningepanda gari nirudi zangu.

Bajaji kutoka Boma hadi Chemka ni safari inayokuhesabia mifupa. Barabara ya vumbi, makorongo, miba kushoto, miba kulia, jua limeshatoka (huko chini kuna joto, jambo ambalo mama alilipokea kama msamaha). Dereva alikuwa chalii mmoja anayeamini kwamba ukiliruka korongo kwa kasi halikuoni. Mimi kichwa kiligonga bomba la paa mara sita. Mama alilinyanyua lile trei juu ya mapaja kwa mikono miwili na kulichezesha kama mtu anayepepeta mchele, akiinama kona inapoinama, akipanda shimo linapopanda. Tulipofika akafungua fundo, akakagua. Halikupasuka hata moja. Dereva akamvulia kofia.

Sijui nikieleza Chemka utaniamini. Unatoka kwenye vumbi na michongoma, ghafla mikuyu mikubwa mizizi yake inaning'inia majini kama ndevu za babu, na katikati hapo maji ya buluu, ile buluu ya kutilia nguo nyeupe, yametulia mpaka unaona mchanga wa chini. Kila nikifika nasimama kwanza. Mama naye alisimama. Kisha akaambiwa kuna kiingilio.

"Nilipie mto?"

Kijana wa getini akamweleza kwa upole kwamba ni chemchemi, mama, siyo mto.

"Inakwenda wapi?"

"Inaingia Kikuletwa."

"Na Kikuletwa?"

"Inakwenda Nyumba ya Mungu, bwawani."

"Na likitoka hapo linakuwa mto Pangani," mama akamalizia, "linapita Korogwe, linapita Hale kwenye umeme, linakuja mlangoni kwangu bure. Mwanangu, haya maji yakifika kwangu nayafulia. Leo nitoe hela kuyatazama?"

Nikalipa haraka, yangu na yake.

Tukachagua kivuli karibu na maji. Nikavua suruali yangu ya jinzi, nikavaa ile kaptula ya jirani, na kwa kuwa mimi ni mtu wa mipango, nguo yangu ya ndani nikaivua pia na kuiweka kavu mfukoni mwa jinzi, ya kurudia. Mama akaikunja ile jinzi vizuri, akailaza chini ya mkuyu, akaweka trei ya mayai juu yake. "Isije ikagonga jiwe," akasema. Kisha akatoa mfuko wa wavu, ile ya vitunguu, akatia mayai sita, akafunga mdomo, akaelekea ukingoni.

"Mama, unafanya nini?"

"Nachemsha mayai."

Nilihisi damu ikinipanda masikioni. Kumbe alikuwa na jirani yake, mwanamke wa safari, aliyewahi kufika Kenya, ziwa Bogoria, ambako chemchemi zinachemka kikweli na wageni wanatumbukiza mayai yanaiva. Mama akapiga hesabu: ikiwa kule hapaitwi hata Chemka na mayai yanaiva, hapa si yataungua?

Akatia kidole cha mguu majini. Akakitoa. Akatia mguu mzima.

"Haya ndiyo moto?"

"Ni ya uvuguvugu, mama. Yanatoka chini ya ardhi, unajua hii ni nchi ya volkano, sasa…"

"Nani kakuuliza mlima? Maji haya hata mtoto mchanga ukimwogeshea atapiga chafya."

Lakini mama si mtu wa kushindwa mbele ya watu. Alilishusha lile wavu majini, akalifunga kwenye mzizi, akakaa juu ya jiwe miguu ikining'inia, akasema atayapa muda. Vijana waliokuwa wanaogelea wakaanza kusogea. "Oya, mama anachemsha mayai!" Simu zikatoka. Ng'ambo ya pili kulikuwa na watalii watano na kiongozi wao. Mmoja akamwuliza kitu huku akionesha wavu. Yule kiongozi akatazama, akafikiri, akaeleza kwa kirefu sana. Sijui aliwaambia nini, ila baada ya hapo walitutazama kwa heshima, na mzee mmoja akavua kofia. Ya pili kwa siku hiyo.

Mara mama akaruka. "Yarabi! Kuna kitu kinanila!"

Chemka kuna visamaki vidogo vinavyodonoa ngozi ya miguu. Havina madhara, watu wanavipenda. Nikamweleza. Mama akaviinamia, akavitazama kwa jicho la mtu anayejua samaki.

"Miaka 63 nawala mie," akasema polepole. "Leo wameamua kulipa kisasi."

Baada ya dakika arobaini akatoa yai moja, akaligonga kwenye jiwe. Lilimwagika lote, ute na kiini, halikuwa na dalili hata ya kupashwa. Umati ukacheka. Mama akajifuta mkono, akanigeukia.

"Maji ya Chai hakuna chai. Boma Ng'ombe hakuna ng'ombe. Moshi hakuna moshi. Na Chemka haichemki. Huku mnaishije nyie?"

Hapo nikaona lazima niokoe jina la mahali ninapopapenda. Pale Chemka kuna kamba imefungwa kwenye tawi juu ya maji. Unaishika, unarudi nyuma, unakimbia, unabembea mpaka katikati, unaachia, unadondoka chubwi. Ndiyo raha ya pale. Nikamwambia mama, "Tazama," nikapanda ukingoni, nikashika kamba, nikajitupa.

Ilikuwa safi kabisa mpaka nilipofika katikati. Hapo nikasikia sauti ya mama, ile sauti iliyokuwa inaniita kutoka ng'ambo ya mto nikiwa na miaka saba:

"Shikaaa! Shika, weee!"

Nina miaka 34. Nina mke mtarajiwa na namba ya mlipa kodi. Lakini sauti ile haipiti kichwani, inakwenda moja kwa moja kwenye vidole. Nikashika. Nikaishika ile kamba kama roho. Na kamba usipoiachia, ndugu zangu, inarudi ilikotoka.

Nikiwa njiani kurudi, kinyumenyume, ndipo nilipohisi upepo mahali ambapo hapapaswi kuwa na upepo, nikaelewa alikuwa ananiambia nishike nini.

Ukingo nikaukosa kwa kiasi kidogo, mkuyu nikaukosa, mama alijitupa pembeni. Trei sikuikosa. Nilikaa juu yake kwa kishindo, mayai 24 na jinzi yangu vikanipokea, ute ukanipanda mpaka shingoni. Kisha kwa utelezi ule ule nikateleza kama sabuni, nikarudi majini matako mbele. Kaptula ya jirani, iliyokuwa imeshafika magotini, ikaniaga huko huko chini. Nilipoibuka niliiona inaelea kuelekea mkondo unakokwenda, imejaa upepo, imenona, imemfanana mwenyewe.

Kijana mmoja akaifuata. "Iache!" mama akapaza sauti. "Usije ukazama kwa ajili ya kaptula!" Basi ikaachwa.

Nikabaki nimesimama, maji shingoni, maji ambayo nyote mnakumbuka yanaonesha mpaka mchanga wa chini. Nikayatibua kwa miguu kadiri nilivyoweza. Na wale visamaki, ambao siku zote hudonoa tu, siku hiyo walinikuta nimepakwa mayai mabichi toka kisogoni mpaka visiginoni. Walikaa mezani. Siwezi kueleza zaidi.

Mama alikuja ukingoni, akawageuza watu wote migongo kwa mkono mmoja, watalii wakiwemo, akanirushia kanga moja ya doti yake. Nikatoka. Jinzi ilikuwa haifai, na nguo yangu ya akiba humo mfukoni ilikuwa imekaangwa bila moto. Nikataka kuisuuza niivae mbichi hivyo hivyo, mama akakataa katakata. Turudi Arusha na baridi ile, kiuno kibichi? Nitavaa kanga. Kwani Pangani wanaume hawavai?

Pangani wanavaa, nyumbani, jioni. Stendi ya Boma Ng'ombe, saa tisa mchana, ni habari nyingine. Na kanga ina maandishi. Mama alinifunga yeye mwenyewe, fundo la katani lile lile, na maandishi yakaangukia nyuma kabisa, mahali pa kukalia: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA.

Walisema. Wauza ndizi walisema, bodaboda walisema, yule mzee mchangamfu sijui alikuwa bado anasubiri gari gani, naye akasema. Konda wa Coaster akanisimamisha mlangoni, akanizungusha taratibu, akasoma neno kwa neno kwa sauti ya msoma taarifa ya habari. Kisha akanigonga begani.

"Kaka, tumeshasema. Panda."

Usiku ule mama aliyachemsha yale mayai matano yaliyobaki kwenye wavu, kwa gesi, akayamenya, akayatia chumvi na pilipili. Alikula matatu. Alinipa mawili. Alisema Chemka ni pazuri sana na mwakani atarudi, ila atakuja na sufuria.

Jirani aliniuliza kaptula yake Jumatano, nikamwambia imesafiri. Akauliza tena Jumamosi. Wiki mbili baadaye, mama akiwa ameshafika kwake, simu ikaita alfajiri. Hakunisalimu hata.

"Nimetoka kivukoni sasa hivi," akasema. "Nimewauliza wavuvi, nimewauliza na wa upande wa Bweni. Bado haijafika."