Kutoa namba witiri hakukuwa ujinga

Simulizi za historia ya kompyuta zikifika kwenye vipeuo vya pili, aghalabu humsifu Newton kwa njia yake ya kukisia jibu na kulirekebisha hatua kwa hatua, na kuipita haraka njia ya kutoa namba witiri (1, 3, 5, 7 na kuendelea), kana kwamba ni zoezi la watoto. Ila ENIAC, kompyuta ya awali ya kielektroniki iliyozinduliwa Philadelphia mwaka 1946, ilikuwa na kitengo maalumu cha kugawanya na kutafuta vipeuo, nacho kilitegemea namba witiri hizohizo. Waliokiunda walijua wanachofanya.

Chukua 25. Toa 1, kisha 3, 5, 7 na 9. Inabaki sifuri, na umetoa mara tano: kipeuo ni 5. Kwa 2, toa 1, inabaki 1. Namba inayofuata, 3, haitoki tena, kwa hiyo tarakimu ya kwanza ni 1. Shusha sifuri mbili upate 100; maradufu ya 1 ni 2, basi anzia 21: toa 21, 23, 25 na 27. Umetoa mara nne, limebaki 4, na tayari una 1.4. Hujazidisha wala kugawanya, tarakimu iliyokwisha kutoka haibadiliki tena, na baki unalo kamili.

Newton naye ana hoja nzito. Kwa 2 hiyohiyo, anza na makisio ya 1.5, gawanya 2 kwa hiyo, tafuta wastani wa hizo mbili: 1.4167, halafu 1.414216, halafu 1.41421356237. Kosa dogo la njiani hujirekebisha lenyewe, ilhali kwenye kutoa, kosa moja huharibu yote yanayofuata.

Tarakimu sahihi huongezeka karibu maradufu kila hatua, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Hatua ni chache, lakini kila moja ina gharama yake. Ukitaka tarakimu 1,000, hatua ya mwisho inagawanya namba zenye urefu huo, na kwa njia ya shuleni hiyo ni kazi ya tarakimu kwa tarakimu inayokaribia milioni moja. Kutoa witiri nako kunafika kwenye mamilioni machache. Ongeza urefu mara mbili, na gharama ya njia zote mbili inapanda mara nne! Kasi ya Newton kwa namba ndefu ilianza kupata nguvu baada ya mwanahisabati Karatsuba kugundua, mwaka 1960, namna ya kuzidisha kwa kazi pungufu.

Ni kweli, mashine yenye kizidishi cha haraka hushika tarakimu nyingi kwa mpigo mmoja, na hapo Newton anaongoza. Lakini kompyuta ya EDSAC ya Cambridge, iliyoanza kazi mwaka 1949, haikuwa hata na amri ya kugawanya. Ilibidi mgawanyo uandikiwe programu yake. Kwa ENIAC, iliyojumlisha mara 5,000 kwa sekunde na kuzidisha polepole zaidi, ningechagua witiri.