Tunazikana, Hatulishani

Mwaka jana tulimzika mama mkwe. Jeneza nilibeba, michango nilikusanya, na nyimbo za misa niliimba sauti ya nne bila kitabu. Ilipofika komunyo mke wangu akanyanyuka, wanangu wawili wakamfuata, mimi nikakunja miguu pembeni kuwapisha. Mimi ni Mlutheri, wao ni Wakatoliki.

Simlaumu padre. Kanuni ya 844 ya sheria za Kanisa lake inaruhusu mtu kama mimi kupewa Ekaristi nikiwa katika hatari ya kufa, au penye hitaji zito jingine kwa uamuzi wa askofu, tena kwa masharti. Yaani nikiwa kufani naweza kukaribishwa mezani. Nikiwa mzima, kwenye misa kama ile, nakunja miguu.

Ugomvi huu si mgeni kwetu. Juni 1913 wamisionari wa makanisa kadhaa ya Kiprotestanti walikutana Kikuyu, Kenya, kutafuta namna ya kushirikiana. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa, Mwanglikana, akaongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Waskoti, Wapresbiteri, na wasio Waanglikana wakapokea. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, naye Mwanglikana, akawaka. Akamwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, mkuu wa Waanglikana, akitaka Peel na Askofu Willis wa Uganda, mwenyekiti wa mkutano ule, washtakiwe kwa uzushi. Huyo Weston hakuwa mtu wa hovyo; baadaye aliisema waziwazi serikali ya Uingereza kwa kuwatumikisha Waafrika kwa nguvu. Ila kwake, kula pamoja kabla ya kukubaliana kuhusu uaskofu na sakramenti kulikuwa uongo. Mwaka 1915 jibu likatoka Canterbury: ibada ya namna ile isirudiwe.

Ushirikiano wenyewe haukufa. Ulizaa Alliance High School, palepale Kikuyu, mwaka 1926. Kusoma pamoja ruksa.

Hoja ya Weston naielewa, lakini sisi tulilelewa vingine. Mgeni hunawishwa mikono kwanza, habari huulizwa akishashiba. Tukingoja wanateolojia wamalize, wajukuu wangu nao watakunja miguu. Maaskofu wangeanza na wanandoa tu, watu ambao tayari wanakula sufuria moja kila jioni.

Januari 18 hadi 25 itafika tena, wiki ya kuombea umoja. Kwaya zitaalikana, wachungaji na mapadre watapiga picha ya pamoja mlangoni, kisha Jumapili kila mmoja atakwenda kula kwao.