Kalenda ya Scotland haina kazi Mto Gura

Wavuvi wengi wa trauti hapa Kenya huenda mtoni na kisanduku cha nzi wa bandia, chambo kinachoiga wadudu wa Uingereza, na kichwani wana kalenda ya huko huko: Mei anatoka majini mdudu huyu, Septemba anatoka yule. Naamini kalenda hiyo ndiyo inayowanyima samaki. Trauti, samaki wa maji baridi, ni mgeni kweli. Mlowezi Ewart Grogan aliwaagiza kutoka Scotland, wakatiwa Mto Gura kwenye milima ya Aberdare mwaka 1905. Lakini wadudu wanaowalisha hawakupanda meli. Hao ni wenyeji, na wana saa yao.

Ulaya, baridi kali ikiisha na maji yakipata joto, wadudu wa aina moja hukomaa karibu kwa pamoja, ndiyo maana kalenda inawezekana. Kwetu kwenye ikweta hakuna baridi ya kuwapanga hivyo. Wengi hutoka kidogo kidogo mwaka mzima, na mvua ndiyo inayovuruga mambo: mto ukifurika na kubiringisha mawe, wengi husombwa.

Usidhani basi kwamba hakuna utaratibu. Ziwa Victoria lina efemera (mdudu wa majini, mayfly kwa Kiingereza) aitwaye Povilla adusta, anayetoboa mbao na kukulia humo. Katika miaka ya 1950 ilibainika kwamba hutoka kwa makundi makubwa siku chache baada ya mwezi mpevu. Kalenda ya Scotland itakuambiaje hilo?

Kwa hiyo, kabla hujafunga nzi kwenye mshipi, ingia penye maji ya kasi ugeuze jiwe. Tunutu wa efemera, yaani mtoto wake asiyeota mabawa bado, utamjua: mwili bapa, mikia miwili au mitatu, na matamvua yanayotikisika ubavuni mwa tumbo. Mtazame mgongoni, pale mabawa yanapoota. Pakiwa peusi, huyo yu tayari kutoka, pengine jioni hiyo hiyo. Mfungie trauti nzi wa ukubwa huo na rangi hiyo. Kwenye jiwe hilo hilo huenda ukamkuta pia buu wa trikoptera, mdudu mwingine wa majini, aliyejijengea kijumba cha chembe za mchanga zilizogandishwa kwa uzi anaoutoa mdomoni.

Efemera akipanda juu, utando wa maji humzuia kwa muda, na hapo ndipo trauti humdaka kwa urahisi. Ukiona mgongo wa samaki unatokeza lakini mdomo hauonekani, anakula hao wanaohangaika chini ya utando. Nzi wako anayeelea juu hamtaki, hata awe mzuri namna gani. Mshushe kidogo.

Anayenusurika huruka na mabawa ya ukungu, yamesimama kama tanga, akatue kichakani. Huko hujivua ngozi tena, jambo ambalo hakuna mdudu mwingine hulifanya akishaweza kuruka. Hana mdomo wa kulia. Kilichobaki ni kupandana, kutaga mtoni na kufa juu ya maji, mabawa wazi. Mdudu mmoja, na trauti humla kwa sura tatu.

Haya yote yanataka kumbukumbu zetu wenyewe. Natamani wavuvi wa mito ya Gura, Thego, Sagana na Burguret waandike kila mara: tarehe, mvua, hali ya mwezi, na kilichokutwa chini ya jiwe. Kisha wabadilishane madaftari, maana mto wa Aberdare na ule wa Mlima Kenya huenda haifanani hata kwa siku moja.